Kanga Abisha Hodi kwa Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hao wanaoitikia hawajala? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, bibi yake bibi yangu hajazaliwa, wanyama walikuwa na serikali yao. Serikali ilikuwa na ghala. Kila baada ya mavuno, kila mnyama alipeleka fungu lake ghalani, ili mwaka wa njaa wote wapate kula. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yao.

Basi palikuwa na Kanga. Alikuwa na shamba la mtama, na mayai tisa yaliyokaribia kuanguliwa. Na mdomo! Jamani, mdomo wa Kanga mnaujua. Jani likianguka, kekereke! Akiona kivuli chake mwenyewe, kekereke!

Mwaka huo nzige wakashuka. Vruuu! Wakatafuna mtama wote, yakabaki mabua. Kanga hajafuta machozi, Kunguru tarishi huyo, katua na jani la serikali. Akalisoma: "Kanga, kodi yako ni vikapu saba vya mtama. Mwisho ni leo jua likizama. Usipoleta, shamba linachukuliwa. Mwenye swali aende kwa Kakakuona, kibanda kilicho kando ya ghala."

"Vikapu saba! Hata punje saba sina! Kekereke!"

Mbweha alikuwa karibu. Penye kilio Mbweha hakosekani.

"Shikamoo, shangazi," akasema, sauti laini. "Usilie. Mambo ya kodi ni magumu, lakini mimi nina watu wangu kule ndani. Nitakumalizia leo leo. Nipe tu hayo mayai."

"Yote?"

"Yote, shangazi. Kazi ni kubwa."

Kanga akayatazama mayai yake. "Na huyo Kakakuona?"

Mbweha akacheka mpaka akakohoa. "Kule? Kule kumefungwa siku nyingi! Muulize jirani yako Ngiri."

Ngiri akaitwa, akaja. "Ni kweli, dada," akasema. "Nimekwenda mara tatu. Nimebisha hodi mpaka kibanda kikatikisika. Sikuona mtu, ila mpira wa magamba mlangoni. Nikampa Mbweha mihogo yangu yote anisaidie, na jibu nalisubiri mpaka leo."

Nyinyi mngefanyaje? Mngetoa mayai? Wewe umetikisa kichwa, nimekuona! Kanga naye hakutoa. "Ngiri, nilindie kiota," akasema. "Na wewe Mbweha, subiri." Akalichukua lile jani, akang'oa na bua moja lililotafunwa, mbio! Puru puru puru!

Akafika. Mlangoni, kweli, mpira wa magamba.

"HODIII! Kekereke! HODIII!"

Mpira ukajikaza. Akapiga kelele tena. Mpira ukajikaza zaidi. Kanga akakaa chini akalia. Akayalilia mayai yake mpaka sauti ikakauka, ikabaki pumzi tu.

"Hodi," akanong'ona.

Wee! Mpira ukafunguka! Pua ikachomoza, likafuata jicho, ukafuata mkia. Kumbe ndiye Kakakuona mwenyewe!

"Karibu, mama! Karibu sana! Wewe ndiye wa kwanza mwaka huu!"

"Kumbe upo!"

"Nipo kila siku. Lakini nikipigiwa kelele najikunja. Ndivyo nilivyozaliwa, nitafanyaje? Haya, niambie shida yako."

Kanga akatoa lile jani, akatoa na bua. Kakakuona akalinusa bua, akaligeuza. "Nzige hawa," akasema. "Aliyekuandikia alitazama mavuno ya mwaka jana. Shamba lililoliwa na nzige halitozwi kodi mwaka huo. Sheria ipo, ila lazima mwenye shamba aje aseme." Akapiga ukucha kwenye jani, tap! Alama ya serikali hiyo. "Imekwisha, mama."

"Nikulipe nini? Mimi nina mayai tu."

"Mayai ya nini? Serikali inanilisha. Nimewekwa hapa niwajibu, bure."

"Bure?"

"Bure."

"Bure kabisa?"

"Mama, bure!"

Furaha hiyo! Sauti ikamrudia pale pale. Akajiziba mdomo kwa bawa, akanyata, akanyata, alipofika mbali akaifungulia. "BUREEE! Kwa Kakakuona ni bure! Kekereke! Mnong'onezeni tu!"

Kiotani akamkuta Mbweha anabishana na Ngiri, mkono umeshanyooka.

"Shangazi, kazi yako tayari. Lete mayai."

"Tayari? Nionyeshe alama ya ukucha. Mimi yangu hii hapa."

Mbweha akaanza kurudi nyuma. Ngiri akamsogelea, meno nje. "Na jibu langu la mihogo liko wapi?"

Tifu tifu tifu! Mbweha huyo, vumbi tupu!

Asubuhi mayai yakapasuka, vifaranga tisa. Kule kwa Kakakuona, foleni! Tembo ananyata. Fisi amejiziba mdomo kwa mikono miwili, cheko linamtoka puani. Simba mwenyewe, yule wa kunguruma, ameinama mlangoni, na sauti nyembamba kabisa: "Hodi."

Basi shikeni hili, wakubwa kwa wadogo. Ukiletewa jambo la kodi usilolielewa, nenda mwenyewe kwa aliyewekwa na serikali akusaidie bure, kabla hujampa mtu mayai yako. Hadithi yangu imekomea hapo. Nimemaliza, nileteeni maji ninywe.