Buni ya Undugu

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, watoto sogeeni, wakubwa wapeni nafasi. Nyinyi mnaijua kahawa ya kikombe, ile inayonywewa kwa kashata, chungu ikakutana na tamu. Ninayowaletea leo si ya kunywa. Ni ya kutafuna.

Hapo zamani za kale, kahawa ilipokuwa haijajua kinu wala birika, wanyama wa milimani waliichuma mbivu. Wakaichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakaianika juani, ikakauka, wakaitafuna polepole. Mgeni akija hakuulizwa atokako. Aliwekewa kwanza kikapu kidogo cha kahawa. Akishatafuna, ndipo habari zianze.

Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Tunda moja la kahawa, ukilipasua, lina punje mbili, zimelaliana kama mapacha. Wawili wakitaka undugu, walipasua tunda moja. Huyu akala punje yake, yule akala yake, ndiko kula buni. Wakasema pamoja:

Tunda moja, punje mbili.
Moja kwangu, moja kwako.
Wako ni wangu, wangu ni wako.

Basi. Waliokula hivyo hawakugusana kwa ubaya. Anayemgusa mwenzake, ilisemwa, punje ile itavimba tumboni mwake mpaka apasuke.

Sasa, kulikuwa na Paa. Mwili mdogo, miguu myembamba, macho makubwa. Mumewe alikuwa amechukuliwa na mafuriko, akamwacha na mimba. Paa akaishi peke yake mlimani, yeye na mibuni yake.

Siku moja jua la utosi, Paa anageuza kahawa mkekani, akasikia kishindo migombani. Puu! Akatokea Chui. Mkuki umempasua paja, damu inachuruzika, chu, chu, chu. Nyuma ya kilima mbwa wa wawindaji wanabweka.

Paa alitaka kukimbia. Mimba ikamlemea.

Chui akasema, "Bi Paa, nifiche."

"Nikufiche, kisha upone, kisha unile?"

"Sitakula."

"Chui wote husema hivyo."

Mbwa wakasikika karibu zaidi. Chui akatazama mibuni, akatazama kilima. Akasema, "Chuma tunda. Nitakula buni na wewe."

Paa akachuma tunda jekundu, akalipasua kwa meno. Chui akala punje yake, Paa akala yake. Wakasema yale maneno, Chui akiyasema kwa kuhema. Tunda moja, punje mbili. Wako ni wangu, wangu ni wako.

Paa akamwingiza ghalani, akamfukia chini ya maganda ya kahawa. Mbwa wakaja, wakanusa huku, wakanusa kule. Harufu ya kahawa ikawajaa puani, ikafunika harufu ya damu. Chya! Chya! Wakapiga chafya, wakaondoka.

Chui akapona. Wakawa dada na kaka. Paa akazaa mtoto wa kiume, akamwita Kalungi. Chui akaoa, mkewe akazaa watoto wawili, kisha mkuki ukamchukua yule mama. Chui akabaki na wanawe. Akamwonyesha Paa mahali anapowaficha, katika pango lililo nyuma ya maporomoko ya maji. Akamwambia, "Ni wewe tu ujuaye." Na kweli, alikuwa yeye tu.

Kisha mwaka ukageuka. Mvua ikakataa. Majani yakawa makavu, wanyama wa bondeni wakahama. Chui akawinda asubuhi, hakupata. Akawinda jioni, hakupata. Mbavu zikamtoka. Akaanza kupita kwa dada yake mara kwa mara.

"Shikamoo, mjomba," Kalungi humwambia.

"Marahaba, mpwa wangu. Umenenepa."

Mara ya kwanza Paa alicheka. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu aliona kwamba Chui hamtazami mtoto usoni. Anamtazama shingoni.

Asubuhi moja Paa ameanika kahawa, Chui akaingia uani. Hakupiga hodi. Akawekewa kikapu cha kahawa, hakukigusa. Akaenda moja kwa moja akaketi karibu na Kalungi, akamwekea mkono mgongoni. Polepole, kama mjomba. Lakini kucha zilikuwa nje.

"Dada," akasema, "nimekuwa nikikifikiria kile kiapo."

Paa akauliza, "Umekifikiria nini, kaka?"

"Siku ile tulikuwa wawili. Mimi na wewe. Huyu hakuwapo."

"Alikuwapo tumboni."

"Sikumwona. Sikula buni na wa tumboni. Tulisema wako ni wangu. Wako ni yule uliyekuwa naye siku ile. Huyu amekuja baadaye. Kiapo hakimjui."

Kalungi akamtazama mama yake. Hakulia. Alikuwa anahema tu, he, he, he, na mkono ule mzito ukipanda na kushuka juu ya mgongo wake.

Paa akasema, "Kaka, una njaa. Njaa ndiyo inayosema. Mwachie mtoto tuzungumze."

"Nasikia vizuri nikiwa hapa hapa."

Kabla Paa hajajibu, upepo ukaleta sauti. U-wiii! U-wiii! Fisi. Na si mmoja, kundi zima, wanapanda mlima kwa njia ya uani kwa Paa.

Masikio ya Chui yakasimama. Siku za shibe angewangoja. Siku hiyo alikuwa mifupa na ngozi. Akamwinua Kalungi kwa ukosi, akaingia naye ghalani, akajilaza gizani nyuma ya maganda. Sauti yake ikatoka ndani, nyembamba.

"Ukiwaambia nipo, namvunja shingo."

Fisi wakafika. Mbele yao jike kubwa, sikio moja limekatika. Akasimama mlangoni mwa ua.

"Hodi, Bi Paa."

Paa alijua kwamba akikimbia, mtoto amekwisha. Akipiga kelele, mtoto amekwisha. Akafanya alilolizoea. Akachukua kikapu cha kahawa, akakipeleka kwa wageni.

"Karibuni. Tafuneni."

Yule jike akatafuna, kra, kra. Akatema ganda. "Tuna neno dogo na wewe. Chui ana watoto. Watoto ni wadogo na baba yao amedhoofika, hawezi tena kuwapigania. Tumetafuta mapangoni, tumetafuta vichakani, hatuwaoni. Tumeambiwa wewe unajua."

"Nani kasema?"

"Mlima mdogo huu, dada. Tuonyeshe walipo. Tukishawapata hatutakugusa wewe, wala mtoto wako."

Paa akainama kuokota ganda alilotema Fisi.

Lile neno lilikuwa mdomoni. Maporomoko. Neno moja tu. Chui alikuwa anasikia kila kitu. Akilisikia neno hilo atamtupa Kalungi na kukimbilia wanawe. Atakimbia kama moto. Fisi watakimbia nyuma yake. Ua utabaki mtupu, na Kalungi atatoka ghalani mzima. Paa aliyaona yote hayo mara moja, wazi kama unavyoona maji ndani ya kata. Akafumbua mdomo. Akaufumba.

"Bi Paa," Fisi akasema, "tunangoja."

Paa akainua kichwa. Akasema kwa sauti kubwa, si ya kuwasikilizisha fisi peke yao.

"Watoto wa Chui ni wanangu. Nilikula buni na baba yao. Siku ile hawakuwapo, hata mama yao sikuwa namjua. Walikuja baadaye. Ni wangu vilevile. Siwaonyeshi."



Fisi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Chui ni kaka yako? Yuko wapi sasa, kaka yako?"

Paa akaweka kikapu chini.

"Basi tutakula kilichopo." Akawaashiria wenzake, wakaingia uani. Wakakanyaga mkeka, kahawa ikatawanyika. Wakamzunguka Paa, huyu kushoto, huyu kulia, duara likawa dogo, likawa dogo zaidi. Mmoja akamrukia, kwa! Akampasua bega. Paa akapiga goti, akainuka. Damu ikatiririka hadi kwenye kwato. Hakuelekea mlangoni. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukaegemea mlango wa ghala. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na mtoto wake na kucha zilizomshika. Mbele yake fisi. Akatandaza miguu yake myembamba, akainamisha vipembe vyake vidogo.

"Njooni," akasema.

Maganda yakachakarika ndani. Chakacha, chakacha. Mlango ukasukumwa, Paa akaanguka kando.

Chui akatoka.

Hakuwa na mtu mkononi. Alikuwa mwembamba kama kivuli, lakini kivuli cha chui. Akanguruma mpaka majani makavu yakaanguka mgombani. Akamshika yule jike kwenye lile sikio lililobaki, akamzungusha, akambwaga. Ti! Mwingine akamchana pua. Fisi walikuwa wamejiandaa kwa paa, hawakuwa wamejiandaa kwa chui. Wakageuka, wakateremka mlima, huyu akimkanyaga yule, u-wiii, u-wiii, mpaka sauti zikapotea bondeni.

Kalungi akatoka ghalani akipepesuka. Mgongoni ana alama za kucha, ngozi haikupasuka. Paa akamlamba kichwani, akamlamba masikioni, akamlamba mgongoni, huku bega lake likivuja damu.

Chui akaketi mbali kidogo. Alikuwa anatweta.

"Dada," akasema.

Paa hakugeuka.

Chui akaenda kwenye mbuni, akachuma tunda, akalileta, akaliweka chini. "Tule nyingine. Safari hii mtoto awepo. Nimwone, aniapishe."

"Hapana," Paa akasema. "Ile ya kwanza haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwako. Tukila kikapu kizima haitasaidia."

"Nilimwachia, dada. Nilimwachia mwenyewe."

"Nimeona. Ndiyo maana naongea nawe." Paa akamtazama sasa. "Wanao ni wanangu. Fisi wakiulizia tena, watapata jibu lile lile. Nikiwa na la kuwaonya, nitakuja hadi maporomokoni kuwaambia. Lakini uani kwangu usiingie tena. Tukikutana njiani tusalimiane kwa mbali."

Chui akainamisha kichwa. Akashuka mlima akichechemea, kuelekea kwa wanawe.

Paa na mtoto wakaanza kuokota kahawa iliyotawanyika. Wakaokota muda mrefu. Kisha Kalungi akauliza.

"Mama. Mjomba alikuwa anasikiliza mle ndani. Moyo wake ulikuwa unapiga, niliusikia. Ungemwambia Fisi walipo, mjomba angenitupa akakimbia. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulijua?"

"Nilijua. Neno lilifika hadi kwenye meno."

"Sasa mbona hukulisema?"

Paa akaendelea kuokota. Akapuliza vumbi kwenye punje moja, akaitia kikapuni.

"Kwa sababu wale watoto si wao waliokushika," akasema.

Basi, wanangu na wakubwa wangu, funzo ndilo hili. Kiapo hakitafutiwi mlango wa nyuma. Ukimwona ndugu anaanza kuyapima maneno aliyokupa, hili limo, hili halimo, usisikilize ulimi wake, tazama kucha zake. Na deni la baba usimdai mtoto.

Hadithi yangu imefika hapo, ikatua mzigo. Aliyesikia asimulie, aliyesinzia amuulize jirani yake.