Kipuli Chini ya Kiti

Tunu, muuza vitumbua wa Tanga, alitaka kununua gari kwa akiba yake yote ya miaka sita. Bwana Kilindo, mwenye yadi ya magari, alimkataza kuleta fundi.

“Neno langu latosha, mama. Gari hili halijawahi kuingia maji. Lipa leo au umpishe mwingine.”

Tunu alinusa zulia, akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Vyote vilikuwa vipya, vinanukia marashi.

“Unakagua gari au unachagua kanga?” Kilindo alimtania, na wateja wengine wakacheka.

Tunu akapenyeza mkono chini ya kiti, akatoa kipuli kilichogandwa na tope.

“Lo, dhahabu! Tena kina tope la mafuriko. Basi hakiwezi kuwa chako, baba, maana gari lako halijui maji. Nitampa shehe akitangaze.”

“Lete hapa!” Kilindo aliruka. “Ni cha mke wangu! Kilimdondoka tulipotokea dirishani, maji yamefika hapa!” Akajigusa kifuani.

Wateja wakatazamana. Kilindo akakifuta kipuli, akaking’ata.

“Mbona ni shaba tupu?”

“Ni shaba, baba,” Tunu alisema, akifunga mkoba wake. “Nimekinunua gulioni asubuhi. Tope ni la uani kwangu.”