Sega la Kwanza la Kalunde

Hapo zamani, si zamani ya mazimwi bali ya juzijuzi tu, zahanati ikiwa imeshaezekwa bati na mwitu bado ukivuma nyuki, paliishi mrina asali aitwaye Kalunde. Alipanda miti kama mjusi. Akikupenda atakwambia usoni. Akikuchukia, usoni vilevile.

Kwao, sega la kwanza la msimu haliuzwi wala halikatwi. Hupewa mtu mmoja, zima, likitiririka. Tangu siku hiyo mtu huyo ni mwenza wako wa mwituni: mizinga yako ni yake, miti yako ni yake. Ukilikata, nyuki wanahama.

Basi siku moja Kalunde akiwa juu ya mti wa mninga, shoka likamponyoka, likamchana muundi. Wifi yake Nyamizi, mjane asiye na hata mzinga mmoja, akamfunga kidonda kwa asali. Akachagua ile nzuri, iliyochemshwa ikachujwa, ya kuwaandalia wageni. Heshima ikamponza! Asali ikishapigwa moto nguvu yake imekwenda. Mguu ukavimba kama gogo, homa ikapanda.

Ndani ya homa Kalunde akajiona anatembea ndani ya sega. Kuta za nta zilipumua. Mwanga wa dhahabu ulipita kama unapita kwenye mbawa. Nyuki wakamuuliza, taratibu, "Utapanda tena?" Mguu ukikatwa, mrina atabaki na nini?

Akaja Daktari Ndimbo wa zahanati, mgeni kutoka Songea. "Itupeni hiyo asali!" akafoka. Akadunga sindano, akaacha vidonge vya antibayotiki. Homa ikashuka, nyuki wa ndotoni wakanyamaza. Lakini kidonda kikabaki wazi, kinanuka, nyama nyeusi. Dawa ilisafiri ndani ya damu, na damu haikufika pale.

Nyamizi akasogea. "Asali mbichi, wifi. Isiyoona moto. Ile ya kwanza nilikosea."

"Na hii ikiniua?"

"Utanitukana kutoka kaburini. Nakujua."

Nani apande? Misigalo, mume wa Kalunde, aliogopa hata ngazi ya ghala. Wanaume wenzake walimwita Kuku wa Chini. Akapanda mninga huku analia, akashuka na kipande cha sega la msimu uliopita, uso umeumuka kama boga. Na Kalunde alipotaka kutupa vidonge kwa kuwa homa imepoa, Misigalo ndiye aliyemsimamia.

"Meza. Daktari kasema mpaka viishe."

"Nimepona, wewe!"

"Meza, kisha unitukane."

Nyamizi akakipaka kidonda asali ile mbichi; kikasafika, kikawa chekundu, kikafunga. Msimu ukafunguliwa. Kalunde akapanda mninga, akafungua mzinga, akatoa sega la kwanza. Chini wakasimama watatu, mikono juu.

"Ni langu, wifi!" akaita Nyamizi. "Bila asali yangu ungekuwa hai, ndiyo, hai na mkongojo mkononi!"

"Asali yako ya kwanza ndiyo ilitaka kumuua!" akasema Daktari Ndimbo.

"Na wewe ulitaka tuitupe asali yote; hata ya pili isingepakwa!"

"Sikatai, ilifunga kidonda. Lakini haikuingia kwenye damu. Bila vidonge vyangu ungempaka asali maiti." Kisha sauti ikamshuka. "Na tangu nihamie hapa, hakuna aliyewahi kuniita mwituni."

Misigalo akakohoa. "Asali mliijua ninyi, dawa mliijua ninyi. Nani aliileta? Nani alimmezesha? Mwenye kujua kafanya anachokijua. Mimi niliogopa, nikapanda."

"Nyamazeni, mnawavuruga nyuki!" akafoka Kalunde.

Upepo ukapita, majani yakang'aa, na kwa kitambo kidogo mwitu wote ukawa kile chumba cha nta, unapumua. Kovu la muundi likamwasha. Tone la asali likajikusanya kwenye ncha ya sega, likarefuka, likaning'inia juu ya mikono mitatu. Hakuna aliyejua litamwangukia nani, hata Kalunde mwenyewe.

Nyuki wanazunguka wanangoja. Ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, semeni, tena msinifiche: sega lile, nani alistahili?