Madoa ya Bwana Chui

Niwafungulie ngano, nisiwafungulie?

Fungua!

Na ikiruka?

Tutaidaka!

Basi sogeeni, isije ikawapita.

Paliondokea Chui mmoja, mwenye nguvu na mwenye tamaa. Chui huyo alikuwa na zulia jeupe, pana, laini, na mwaka ule wa ukame akawa anawaalika majirani waje kula. "Karibuni, karibuni, kaeni zuliani!" Mgeni akishakaa, akishapewa bakuli lake, Chui humpitishia mkia chini ya kiwiko. Pwaa! Mchuzi chini.

"Umenichafulia zulia!" hunguruma. "Kwangu mimi, anayetia doa ni kitoweo."

Mgeni huyo hutiwa tengani, na kifuniko hufungwa kwa kamba.

Kwale alialikwa, hakurudi. Makinda wake wakalia njaa kutwa nzima. Jirani yake Kirukanjia, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia, akawasikiliza mpaka moyo ukamwenda mbio. Aliogopa, tena sana. Lakini Kwale ndiye aliyemlelea watoto alipokuwa mgonjwa wa homa. Akajifunga kibwebwe, akaenda.

"Hodi kwa Bwana Chui!"

"Karibu, karibu, kaa zuliani!"

Kirukanjia akakaa. Akaliona tenga pembeni, na katika upenyo wake jicho la Kwale, jekundu kwa kulia. Akapewa bakuli. Mkia ukapita. Pwaa!

"Umenichafulia zulia!"

"Nimelichafua, bwana, nisamehe," akasema Kirukanjia huku akitetemeka. "Lakini mbona lilishachafuka? Hapa pana damu, pale pana mafuta, na kule ni kahawa. Zulia zuri namna hii! Niachie nilitakase. Likitakata, utuache huru mimi na Kwale."

Chui akalitazama zulia lake. Kweli, lilikuwa limeanza kufanana na sakafu ya bucha.

"Litakase," akasema. "Likitakata, nitawaacha."

Kirukanjia akaanza na mchuzi, maana ulikuwa haujakauka. Akachukua kitambaa kikavu, akakandamiza. Chui akaona anachelewa, akaleta kucha zake kusugua.

"Usisugue, bwana! Ukisugua linazama. Kandamiza, inua. Kandamiza, inua."

Tipu, tipu, tipu. Mchuzi ukanyonywa na kitambaa. Rangi ya manjano iliyobaki akaikamulia limau, akaisuuza, akaliburuta zulia mpaka juani. Jua likaila rangi ile.

Akaja kwenye damu.

"Damu ya nani hii, bwana?"

"Ya pua yangu," akasema Chui, akitazama juu.

"Basi lete maji."

"Ya moto?"

"Ya baridi! Ya moto yanaipika damu, inaganda humo humo." Akatia maji ya baridi na chumvi. Kandamiza, inua. Tipu, tipu, tipu. Damu ikatoka.

Kwenye mafuta akanyunyiza unga wa muhogo, akauacha ukae mpaka ukanywa mafuta, kisha akaupiga brashi. Chwa, chwa, chwa. Mafuta yakatoka. Kahawa akaipa maji yenye siki kidogo. Kandamiza, inua. Ikatoka nayo. Kisha akalimwagia zulia zima maji safi, likang'aa kama maziwa.

"Tayari, bwana. Tufungulie."

Chui akalamba midomo. "Nilisema nitawaacha. Sikusema lini. Na aliyefanya kazi kutwa nyama yake inalainika."

Kule tengani Kwale akalia kwikwi. Kirukanjia akafuta pua yake, akamtazama Chui kuanzia kichwani mpaka mkiani, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sawa, bwana. Unile. Ila utabaki na madoa yako."

"Madoa gani?"

"Hayo ya mgongoni."

"Nimezaliwa nayo haya!"

"Ndiyo yanayokuponza. Swala anakuona toka mbali, anakimbia. Ungekuwa rangi moja na nyasi, angekuona saa ngapi? Angekuja mwenyewe kukukanyaga."

Chui akawaza swala. Mate yakamdondoka, tii, tii, tii.

"Yanatoka?"

"Yanatoka kwa kulowekwa na kubanwa. Lala ukingoni mwa zulia, lingali limelowa. Jiviringishe."

Chui akajilaza, akajiviringisha. Bingiri!

"Tena, bwana, la ubavuni bado!"

Bingiri!

"Tena, la tumboni bado!"

Bingiri, bingiri, mpaka zulia likaisha, na Chui akawa ndani, kichwa hakionekani, mikono imebanwa kama mtoto kwenye kanga. Zulia lililolowa ni zito, jamani. Kirukanjia akalizungushia kamba na kuikaza, kisha akalikimbilia tenga, akaguguna fundo. Gugu, gugu, gugu.

"Yametoka?" ikauliza sauti ndani ya zulia.

Kwale akaruka nje, puu!

"Moja limetoka, bwana!"

Chura, mgeni mwenzake wa tengani, akaruka nje, chubwi!

"La pili limetoka!"

"Na la tatu?"

La tatu lilikuwa Kobe. Kirukanjia akamsukuma kwa nyuma, Kwale akamvuta kwa mbele.

"Hilo sugu, bwana! Linatoka polepole! Tulia!"

Chui akatulia. Walipofika mbali ndipo wakasikia mngurumo, lakini mngurumo wa ndani ya zulia hauna meno.

Chui alijitoa hatimaye, kwa kulirarua zulia lake lote vipande vipande. Akaenda mtoni kujitazama. Madoa yote yapo. Aliona haya kurudi kwa majirani, akahamia juu ya miti, na mpaka leo halali zuliani.

Nyumbani kwa Kwale makinda walimrukia mama yao hata wakampindua. Uji ukapikwa. Kirukanjia alipopokea bakuli, mikono yake ilikuwa bado inatetemeka. Pwaa! Uji mkekani.

Chura akafumba macho.

"Aa, mkeka tu huo," akasema Kwale. "Nikuongeze?"

Kirukanjia akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ile hofu yote ikatoka nayo.

Ngano yangu nimeikung'uta, vumbi lake limekwenda na upepo. Mwenye nafasi kwake aitandike.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: kufua ni kazi ya hatari. Mkimwona mtu anajua kutoa madoa, mkimbieni, na nyumba zenu ziacheni chafu, mtaishi miaka mingi.