Mikeka Mitano Ndani ya Handaki

Wapendwa, naomba leo mnifuate hatua kwa hatua, kwa sababu mfano huu una utaratibu, na msiba wake umo ndani ya utaratibu huohuo.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, mtu wa huku kwetu mlimani, aliyeishi katika kihamba, shamba la migomba na kahawa, alichogawiwa na baba yake. Ng'ambo ya ua wa mimea ya masale uliopandwa mpakani aliishi mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa. Sababu ilikuwa hatua mbili za ardhi. Mkubwa alisema ua umesogezwa. Mdogo alisema ua uko palepale baba alipoupanda. Hatua mbili, wapendwa! Hata ukipanda mgomba humo, majani yake yataning'inia kwa jirani.

Basi ikatangazwa redioni kwamba jiwe kubwa kutoka angani, lenye upana wa kilomita nne, linaijia dunia, na kwamba zimebaki siku kumi na tisa. Wataalamu walisema huenda likapita pembeni. Walisema pia kwamba lisipopita litaanguka baharini. Lakini kama ni bahari ya magharibi au hii yetu ya mashariki, hilo lingejulikana siku za mwisho.

Wengine walilia, wengine walilewa. Mwalimu alichukua daftari. Ukurasa wa kwanza aliuandikia bahari ya magharibi, ukurasa wa pili bahari ya mashariki. Katika ukurasa wa pili aliandika hivi. Mstari wa kwanza: mwanga kwenye upeo wa macho. Mstari wa pili, dakika saba baada ya mwanga: tetemeko. Mstari wa tatu, saa tatu na nusu baada ya mwanga: ngurumo, na upepo wa kung'oa mabati. Mstari wa nne, saa tano na nusu baada ya mwanga: mawimbi yanafika pwani yetu, marefu kuliko minara, na hayaishii ufukweni. Kisha vumbi, na miezi isiyo na jua, ambamo mgomba husinyaa, mbuni huangusha majani, ng'ombe hukosa nyasi, na watu wenye njaa huanza kutazamana. Nataka mkumbuke jambo moja: mwalimu huyu hakukosea hata mstari mmoja.

Akachimba handaki nyuma ya nyumba, akaweka mahindi, maharage na mapipa ya maji. Akatandika mikeka kumi. Mkewe alishuka, akaihesabu.

"Baba Kundaeli, sisi tuko watano. Hii mitano mingine ni ya nani?"

"Ya hao wa ng'ambo," akajibu, akiuonyesha ua kwa kidevu.

"Basi kata jani umpelekee leo. Au wataka nikushikie kisu?"

Nyote mnalijua jani hilo. Sale ndilo huonyesha mpaka wa kihamba, na sale hilohilo, likikatwa bichi na kufungwa fundo, ndilo huomba msamaha. Anayepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Wazee wetu waliyaweka mambo hayo mawili katika mmea mmoja, na sidhani kwamba walifanya hivyo kwa bahati.

"Nimeshaliweka kwenye ratiba," mwalimu akasema, akamfunulia daftari. Katikati ya mstari wa pili na wa tatu, baina ya tetemeko na upepo, alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo: *Kumpelekea mdogo wangu sale. Hatua arobaini na mbili.*

Mkewe akacheka kicheko kisicho na furaha. "Miaka tisa hatua arobaini na mbili zimekushinda. Utaziweza dunia ikitikisika?"

"Sikiliza, mama. Jiwe hili laweza kupita. Likipita nami nimeshapeleka sale, nitakuwa nimemwachia mpaka bure, naye atanicheka hadi kaburini. Likianguka kweli, nitakuwa na saa tatu na dakika ishirini na tatu. Zinatosha."

Je, alikosea hesabu? Hakukosea. Toeni wenyewe mtaona.

Asubuhi ya siku ya kumi na saba, mwalimu alitoka handakini akamwona mdogo wake akipakia pikapu: magodoro, sufuria, tenga la kuku, mke na watoto watatu. Mdogo alikuwa akikaza kamba. Akainua uso, na macho yao yakakutana juu ya masale. Alisimama pale na kamba mkononi, kama mtu anayengoja kuulizwa kitu.

Angeulizwa nini? "Unakwenda wapi?" Maneno mawili. Mtoto wa miaka miwili huyatamka. Mwalimu akakohoa, akatazama pembeni, akashuka tena handakini kupanga maharage. Aliposikia gari likiondoka alijiambia kwamba wanahamisha vyombo tu, watarudi.

Kesho yake redio ikatamka: bahari ya mashariki.

Siku ya kumi na tisa, watu wakinywa chai ya asubuhi, mwanga mweupe ulipasuka kwenye upeo, vivuli vya migomba vikageuka upande usio wake. Mwalimu akatazama saa. Dakika ya saba ardhi ikatetemeka, vikombe vikaanguka. Ndipo akachukua kisu, akakata jani la sale, bichi, akalifunga fundo vizuri kabisa, akauvuka ua. Hatua arobaini na mbili. Mlango wa mdogo wake ulikuwa na kufuli. Uani alikuwapo mama jirani, mjane, akimfungua ng'ombe aliyekuwa akilia kwa hofu.

"Ehee! Mwalimu kavuka ua! Kumbe ilibidi kwanza mbingu zipasuke!"

"Mama, wenyewe wako wapi?"

"Si wameondoka juzi? Wamepakia mbele ya macho yako."

"Wamekwenda wapi?"

"Kwa wakwe zake, pwani. Alisema, mimi handaki sina, na kaka analo lakini hana neno nami. Kule wakwe wana nyumba ya mawe, imara, iko ufukweni kabisa. Akaniachia huyu ng'ombe."

Mwalimu akashika nguzo ya zizi. "Hakuna aliyemwonya?"

"Mimi nilimwonya. Nikamwambia, baba, baharini wakati huu? Akanijibu: Kaka ndiye anayeyajua mambo haya. Hata kama hatusemezani, amesimama pale ameniona napakia. Kungekuwa na hatari, asingeninyamazia."

Wapendwa, mwalimu alipiga simu. Mtandao ulikuwa umekufa. Je, walilisikia tangazo lile la redio? Walipata njia, barabara zote zikiwa zimejaa watu na magari? Hakujua, na hapakuwa na wa kumuuliza. Alirudi na jani lake handakini. Upepo ulipofika, ulifika kwa dakika aliyoiandika. Mabati yakaenda, paa la jirani likaenda, yeye hakuinua kichwa. Alikuwa ameishika saa kwa mikono miwili.

"Upepo umeshapita," mkewe akamwambia. "Unangoja nini tena?"

"Mstari wa nne," akasema.

Katika mlima mzima, yeye peke yake ndiye aliyeijua dakika ile ya mawimbi. Ilipotimia, aliliweka jani la sale juu ya mkeka wa sita, likiwa bado bichi, na mikeka ile mitano ikabaki kama alivyoitandika.

Sasa, ndugu zangu. Jiwe hilo nimelitunga. Ua sikuutunga. Sisi tulioketi humu twaijua habari ya siku ya mwisho kwa mpangilio wake. Tumefundishwa tangu kipaimara, na tukiulizwa twajibu bila kukosea mstari. Lakini msamaha tumeupangia nafasi mahali fulani katikati, baada ya ishara ya pili, kabla ya ya tatu, kwa sababu twaogopa kwamba jiwe likipita tutakuwa tumeachia hatua mbili bure. Na wakati twapiga hesabu, ndugu yetu amesimama na kamba mkononi. Anauamini ukimya wetu. Anadhani kwamba tukinyamaza, ni salama.

Nani alipakia gari juzi mbele ya macho yako? Dada yako? Mwanao? Yule ambaye mmekaa benchi tofauti asubuhi hii, ukampita mlangoni ukikohoa?

Sitatoa baraka sasa. Nitakaa hapa kimya kwa robo saa. Uzio wa kanisa hili ni wa masale, na mmeuona mlipoingia: ni mabichi. Kisu nimekiacha kwenye meza ya mzee wa zamu, pale mlangoni.