Ngurumo ya Nahodha Bwanakheri

Sogeeni niwape kisa. Mmesogea? Haya.

Nahodha Bwanakheri alikuwa na meli kubwa, na kwenda polepole hakujui. Nyangumi akaibuka, akamwambia, "Nahodha, punguza mwendo. Kwa ngurumo hii ya meli yako mwanangu hanisikii nikimwita, utamgonga." Nahodha akapita. Safari ya pili akaombwa tena, akapita. Safari ya tatu akamgonga mtoto wa nyangumi, mtoto akafa.

Nyangumi akampulizia nahodha maji masikioni. "Chukua ngurumo yako. Itanyamaza ukipita hapa taratibu tu."

Ngurumo ikamfuata masikioni mpaka nyumbani. Binti yake akimwita, nahodha anaona midomo ikicheza tu.

Sasa hupita pale taratibu, binti yake kando, ili amsikie akimwita, "Baba!"

Nyangumi naye huja kusikiliza. Yeye hana wa kumwita.