Ndege wa Michongoma ya Bi. Siwema

Usimpe ndege jina kabla hajalia. Mmeisikia methali hii, mkataka kujua ilikotoka. Basi ilianza hivi.

Mwaka huo mvua za vuli zilichelewa mpaka vichaka vya bondeni vikabaki vijiti. Asubuhi moja Bi. Siwema alikuwa anamwaga majivu nyuma ya jiko lake, akaona ndege ndani ya ua wa michongoma. Mgongo wa hudhurungi, kifua cheupe, mkia mrefu mweusi, na macho mekundu kama makaa ya moto. Bi. Siwema alizaliwa na kuzeekea kijijini hapo, lakini ndege wa namna hiyo hakuwahi kumwona.

Akamwita jirani yake, Mama Riziki.

"Bundi huyo," Mama Riziki akanong'ona. "Tazama macho!"

"Mbona kichwa kidogo? Na bundi gani anatembea mchana?"

Mzee Semkiwa, aliyekuwa mwindaji ujanani, akachungulia naye. "Kipanga mchanga. Fungia vifaranga."

"Kipanga anatambaa chini kama kuku, mzee?"

Mzee akakuna kidevu, akaenda zake.

Siku ya pili ndege alikuwepo. Siku ya tatu pia, na kifaranga mmoja hakuonekana. Bi. Siwema alikuwa hajui tena ashike la nani. Ndipo Mama Riziki akamsogelea.

"Shoga, mkweo ana muda gani hapa?"

"Mwezi haujatimia."

"Katoka mbali, kwao hatukujui. Na ndege kaja nyuma yake. Mimi sisemi kitu."

Maneno hayo yalimkaa Bi. Siwema kifuani. Mwajabu, mke wa mwanawe, alikuwa binti mpole. Aliamka alfajiri kwenda kisimani, na jioni alimkanda miguu mama mkwe wake bila kuombwa. Lakini yale macho mekundu! Mchana akashindwa kujizuia.

"Mwajabu, kwenu wapo ndege kama huyu?"

"Sijapata kumwona, mama."

"Una hakika?"

Mwajabu akamtazama, akaelewa anachoulizwa. Aliingia ndani akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga. Bi. Siwema alimsikia, akabaki amesimama uani. Amzuie? Amwache? Na kama kweli?

Wakati huohuo Mzee Semkiwa akaja na upinde, Mama Riziki nyuma yake. "Awe bundi, awe kipanga, leo tunamaliza," akasema, akaweka mshale.

Ndege akainamisha kichwa, koo likatuna.

"Du-du-du-du-du-du..."

Sauti ilishuka polepole, kama maji yanayotoka kwenye mtungi wa shingo nyembamba. Upinde wa mzee ukalegea mkononi.

"Dudumizi!" akasema. "Huyu ni dudumizi!"

Wote watatu walikuwa wakimsikia tangu utotoni akilia vichakani mvua inapokaribia. Walipanda mahindi kwa sauti yake. Sura yake hakuna aliyewahi kuiangalia, maana hujificha sana; ukame ndio uliomtoa bondeni.

Bi. Siwema akageuka. Mwajabu alikuwa mlangoni, furushi kichwani, machozi yakimtoka.

"Mama, nami mniambie mmeniita nani."

Bi. Siwema akamsogelea. Akalitua furushi lile kwa mikono yake mwenyewe. "Nimekukosea, mwanangu. Siku zote hizi umeishi nami, nami nikamsikiliza jirani kuliko wewe."

Mama Riziki alijifunika uso kwa upindo wa kanga, akaenda zake.

Mvua haikunyesha siku ile, wala kesho yake, na aliyekula kifaranga hakujulikana kamwe. Lakini Mwajabu alibaki, na ndiye aliyemzika Bi. Siwema miaka mingi baadaye. Hadi kufa kwake, kila watu walipokusanyika kumteta mgeni asiyejulikana, bibi yule aliwakatiza kwa maneno yaleyale: "Usimpe ndege jina kabla hajalia."